Kanzu ya Mjomba na Farasi Namba Nne

Hii aibu yangu madereva wote wa bodaboda wa Kibiti wanaijua, kwa hiyo bora muisikie kutoka kwangu mwenyewe, maana wao wanaongeza kwamba nililia, na sikulia.

Siku hiyo mjomba wangu Salumu alikuwa ananipelekea posa kwa Fundi Mbonde, fundi baiskeli, baba yake Sikudhani. Huyo Sikudhani nilimfahamia Ngarambe kwa bibi yake, msimu wa kuvuna ufuta, mimi nikiwa kibarua wa kupita tu (niliacha shule darasa la sita na tangu hapo sikuwahi kumaliza mwaka mahali pamoja, nimefukuza tembo mashambani Mloka, nimekata mikoko huko delta, na kazi nyingine hata majina yake siyajui). Baba yake hakuwa amewahi kuniona, na kwa desturi yetu muoaji haendi na posa yake, wanakwenda wazee. Lakini mjomba alitaka niwe karibu endapo nitaitwa, basi akanivika kanzu yake ya Idi, ile ya darizi ambayo hata mkewe haruhusiwi kuifua, akaniketisha kwenye benchi la stendi.

"Omari," akaniambia, "leo usitake kujua chochote. Kaa tu."

Nikakaa. Tatizo ni kwamba nyuma ya benchi kulikuwa na ukumbi wa kamari, na ndani mlikuwa na mashine mpya ya mbio za farasi, mpya kwetu sisi, maana yenyewe ilikuwa kuukuu iliyotupwa na kasino moja ya Dar. Farasi sita wa bati, kila mmoja ukubwa wa panya, wanakimbia kwenye mifereji chini ya kioo. Unatumbukiza sarafu, unabonyeza namba ya farasi wako, unaanza kupiga kelele. Huku kwetu kiboko tunamjua mpaka pumzi yake, farasi hatumjui, kwa hiyo ukumbi ulijaa. Mimi sikucheza, na sikuwa na nia ya kucheza, nilitaka kujua kitu kimoja tu: wale farasi wanavutwa na nini?

Nyuma ya mashine kulikuwa na kimlango kilichoachwa wazi ili ipate hewa. Nikachuchumaa, nikaingiza kichwa, nikaona cheni sita zimepangwa vizuri mno, nikasahau kabisa kwamba nimevaa kanzu ya mtu. Huko mbele mtu akatumbukiza sarafu.

Pindo la kanzu likanaswa na cheni, likaondoka nayo polepole. Nikavuta, cheni nayo ikavuta, na juu ya kioo farasi namba nne akagoma katikati ya njia. Kila nikivuta kanzu farasi anarudi nyuma, nikilegeza anakwenda. Watu wakagundua, wakaja nyuma kuniangalia, na dereva mmoja wa bodaboda akaniomba kwa adabu niendelee kulegeza, kwa sababu namba nne ni wake. Dada Neema, mhudumu wa ukumbi, akazima umeme, lakini kanzu ilikuwa imeshaliwa hadi mapajani. Akaniambia niivue. Sikuweza (ndani nilikuwa na bukta tu, na bukta yenyewe ilikuwa na dirisha). Basi akatuma mtu akamwite fundi wa cheni aliye karibu.

Fundi wa cheni. Hata hapo akili yangu haikuniambia kitu.

Akaja na mfuko wake wa spana, na nyuma yake mjomba. "Nimeacha wageni wa posa mkekani," fundi alimwambia Dada Neema huku akipiga magoti, "na huyu mmoja kaona anisindikize." Mjomba (alikuja kunisimulia baadaye) ndiyo kwanza alikuwa anamalizia kunisifu kwamba mimi ni kijana mtulivu, nikiwekwa mahali nakaa, na kamari siijui hata mlango wake. Aliponiona akatazama dari. Na mimi nikatazama dari. Tukakubaliana bila neno kwamba hatujuani, na wallahi tungefaulu.

Fundi akajaribu kuzungusha cheni, ikagoma, akatoa mkasi. "Vumilia, kijana. Nakata hapa pindoni, kipande kidogo tu."

"Usikate," mjomba akasema. "Hiyo kanzu ni yangu."

Fundi akamtazama mjomba, akanitazama mimi, akamtazama tena mjomba. Akaweka mkasi chini.

"Ndiye huyu mtulivu?"

Mjomba akasema ndiye.

"Umecheza?" akaniuliza.

"Sikucheza, mzee. Nilitaka kujua farasi wanavutwa na nini."

Dada Neema akanitetea kwamba hata sarafu sikuitoa. Fundi akafuta spana yake taratibu, na kabla hajamaliza nilishamwona Sikudhani akiolewa na wanaume watatu tofauti, wote wametulia. Kisha akauliza, "Wanavutwa na nini?"

Nikamweleza pale pale nilipochuchumaa: cheni sita, mota moja, na katikati kuna gurudumu ambalo meno yake hayalingani, ndilo linaloamua nani atatangulia kabla hata hawajaondoka. Wale farasi hawashindani, wanapelekwa tu.

"Sogeza kichwa nione," akasema, akaingiza cha kwake, akakaa humo mpaka mjomba akaanza kukohoa.

Kanzu ilitoka nzima, ila na grisi ambayo haijawahi kutoka, na kila Idi mjomba huivaa hivyo hivyo, akihakikisha amekaa mbele yangu.

Jibu la posa lilichukua wiki nzima. Mjomba akarudi, akasema wamekubali, halafu akatoa mfukoni vibanio viwili vya kuanikia nguo. Baba mkwe ameagiza siku ya nikaha nije nimebana kanzu.

Nilikwenda nimebana. Sasa ni mwaka wa pili niko Kibiti, mahali pamoja, nafunga cheni za baiskeli pamoja na mkwe wangu. Siwezi kuapa kwamba sitachungulia tena ndani ya vitu, nitakuwa mwongo. Nilichoapa ni kwamba nitauliza kwanza swichi iko wapi, na nguo ya mtu siazimi tena.