Karani Asiye na Hati

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shamba moja la kahawa nje kidogo ya Ruiru, nilimuuliza Karani Mkuu maswali saba kabla ya chai ya saa nne. La nane lilimfanya aweke kalamu chini.

"Tunawakata watu hawa kodi ya kichwa kila mwezi," nilisema. "Tunawapa karatasi gani ya kuonyesha?"

"Tunawapa mshahara uliobaki," akajibu. "Wewe umetoka chuo kikuu Kampala, lakini mtu wa shamba humjui. Mpe karatasi, atasokotea tumbaku."

Hiyo ilikuwa miaka ya hamsini. Ninyi mnaopokea hati ya mshahara kwenye simu huenda mkashangaa. Wakati huo kila mwanamume mtu mzima alitozwa kodi ya kichwa. Mwajiri wetu aliikata kidogo kidogo, akajaza fomu ya makato na kuipeleka ofisi ya wilaya pamoja na pesa. Stakabadhi zikirudi, Karani Mkuu alizifunga kwa uzi na kuziweka kwenye sefu, eti zisipotee. Kweli hazikupotea. Waliopotea ni wenyewe, kwa maana askari wa kodi walisimama barabarani kila Jumamosi, na asiye na karatasi alikaa kambini kwa chifu mpaka mwajiri wake apatikane Jumatatu.

Yalimpata Mzee Waweru, aliyeendesha mashine ya kumenya kahawa. Mwaka uliotangulia alikamatwa akienda kwake Ngoliba kwenye ruracio ya binti yake wa kwanza, siku ambayo wakwe huleta mahari. Wageni walimngoja baba mwenye nyumba hadi jioni, wakarudi na mbuzi wao. Sasa ruracio ya binti wa pili ilikuwa imebakisha wiki mbili.

"Karani," aliniambia dirishani, "safari hii wakirudi na mbuzi, mama watoto atanifukuza niwafuate."

Nilikitafuta kijitabu cha kanuni za waajiri, nikakikuta chini ya mguu wa meza ya Karani Mkuu. Nilipokitoa meza ikayumba. Ukurasa wa tatu ulisema wazi: mwajiri anayekata kodi lazima ampe mfanyakazi, kila siku ya mshahara, hati yenye jina lake, siku alizofanya kazi, kilichokatwa na kilichobaki, tena yenye sahihi. Nikampelekea Bwana Meneja, mzungu aliyesimamia shamba. Aliusoma ukurasa ule mara mbili.

"Niliomba karani," akasema, "wameniletea wakili. Watu mia mbili! Nani ataandika?"

"Mimi, bwana."

"Lini?"

"Kabla ya Ijumaa ya mshahara."

Niliandika kwa karatasi ya kaboni, nakala moja ya mfanyakazi na moja ya faili, mpaka vidole vikawa vyeusi na shati likafuata. Ijumaa nilisoma kila hati kwa sauti, kwa kuwa wengi hawakujua kusoma. Karani Mkuu alisimama mlangoni akingoja kuona tumbaku ikisokotwa. Hakuna aliyesokota. Mzee Waweru aliikunja hati yake, akaiweka ndani ya kofia.

"Kesho ndiyo ruracio, unanisindikiza," akaniambia. "Una baiskeli. Wakinisumbua, wewe waulize maswali mpaka wachoke."

Tuliondoka kulipopambazuka, yeye akiwa kwenye kiti cha nyuma. Tulipopita Makongeni, askari wa kodi akatusimamisha. Mzee Waweru akavua kofia. Askari akasoma, akaitikia kwa kichwa.

"Pita, mzee. Na wewe wa tai?"

Nikapapasa mifuko yote. Nilikuwa nimeandika hati za watu mia mbili, nikamsahau mmoja.

"Mimi ndiye niliyeandika hiyo," nikasema. "Tazama sahihi."

"Sahihi nimeiona. Yako iko wapi?"

"Kanuni inasema kwamba mwajiri ndiye..."

"Kaa pale."

Mzee Waweru alicheka mpaka akashika magoti. "Ngai! Karani wa maswali hana jibu!" Kisha akatazama jua, na kicheko kikakatika. "Nikae na wewe?"

"Nenda, Mzee. Chukua baiskeli."

"Sijui kuendesha."

"Kuna mteremko mbele. Utajua."

Aliondoka akichora barabara nzima, mimi na askari tukimwangalia kwa hofu moja.

Jumapili asubuhi alinifuata kambini kwa chifu, nilikolala, akiisukuma baiskeli, magoti yamechubuka, na ubavu wa nyama umefungwa kwa majani ya mgomba.

"Mbuzi wamebaki," akasema.

Tulikula pamoja, askari akiwa wa tatu. Jumatatu Karani Mkuu alikuja mwenyewe kunitoa, akiwa na hati yangu aliyoiandika kwa mkono wake, mwandiko mzuri kuliko wangu.

"Usisokotee tumbaku," akaniambia.

Baadaye nilihamia Thika, kwanza kwenye kiwanda cha ngozi, kisha kwenye kiwanda cha matunda ya mikebe, ambako mwishowe nilisimamia ofisi nzima ya mishahara. Mameneja walikuja na kuondoka, fomu zikabadilika rangi na majina. Wote niliwauliza maswali, na wawili walinichukia kwa sababu hiyo. Lakini kila mwezi, kabla sijagusa jina la mtu mwingine, niliandika kwanza hati yangu.

Siku niliyostaafu, mhasibu kijana alinikabidhi hati ya mwisho. Niliisoma mstari kwa mstari, yeye akingoja kuona kama nitapata kosa. Sikupata.

"Safi kabisa," nikamwambia. "Na yako iko wapi?"

Akaanza kupapasa mifuko.