Siri za Wasomaji wa Mzee Pua

Kila kitabu kilichorudishwa maktabani, alikinusa kwanza. Hakuangalia tarehe wala hakukifungua. Alikiinua hadi puani, akafumba macho, akavuta pumzi kama mpishi aliyefunua chungu. "Hiki kimelala jikoni," alikuwa akisema. Au, "Hiki kimesomewa kitandani na mtu mwenye kikohozi, kinanuka dawa ya kupaka." Kisha alikianika dirishani au alikirudisha rafuni. Watu walimwita Mzee Pua, naye alijua, na hakujali. Alinusa hata siku mkaguzi alipokuja. Alinusa hata siku yake ya mwisho kazini.

Mimi niliyesomea ukutubi chuoni miaka mitatu niliona ni ushamba mtupu. Nilipofika pale nilikuwa na miaka thelathini na minane, nina stashahada, nina simu nzuri, na nina imani kwamba maktaba ile ilikuwa ikinisubiri mimi. Kumbe ilikuwa ikisubiri kufungwa. Wiki yangu ya pili ilikuja barua ya halmashauri: ofisi ya leseni inautaka ukumbi wetu wa kusomea. Tulipewa hadi mwisho wa mwaka kuonyesha kwamba tuna wasomaji wa kutosha. La sivyo vitabu vitiwe kwenye maboksi, na sisi wawili tutafutiwe pa kupelekwa. Mzee Pua alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu. Ishirini na minane alikuwa ameimalizia mle ndani.

"Usihofu, Mzee," nilimwambia. "Nitawaleta watu kwa mitandao ya kijamii."

"Watakuja kwa miguu yao," akauliza, "au utawaleta wamefungwa kamba?"

Nikafungua ukurasa wa maktaba mtandaoni. Nilipiga picha za rafu kwa pembe za ajabu ajabu, nikaweka maneno ya busara ambayo sasa nikiyasoma naona haya. Mwezi wa kwanza tulipata wafuasi kumi na mmoja. Watano walikuwa ndugu zangu, mmoja alikuwa muuza matangi ya maji, na mmoja alikuwa mimi mwenyewe kwa namba yangu ya pili. Nikauliza umma: mngependa tuongeze huduma gani? Likaja jibu moja tu: "Mna choo?"

"Mjibu upesi," alisema Mzee Pua. "Huyo ndiye msomaji wa kweli. Anataka kukaa muda mrefu."

Sikukata tamaa, kukata tamaa kunahitaji akili kidogo. Nikaanzisha kundi la WhatsApp la wasomaji. Kila aliyeingia kuuliza gazeti nilichukua namba yake. Watu walipokwisha, nikaanza kuingiza jirani zao, shemeji zao, mama wakwe zao, mradi mtu ana simu. Tukafika sitini na wanne. Nilitembea kifua mbele mtaa mzima.

Hapo ndipo nilipofanya lile jambo ambalo hata leo, nikiwa peke yangu, hunifanya niongee na ukuta.

Maktaba yetu ilikuwa ya kizamani. Kila kitabu kilikuwa na kadi yake. Ukiazima, jina lako linaandikwa kwenye kadi, na kadi inakaa katika sanduku la mbao mezani kwa Mzee Pua mpaka kitabu kirudi. Asubuhi moja, yeye akiwa ameenda zahanati, nililifungua sanduku nikakuta kadi za vitabu vilivyochelewa. Nikaona nafasi ya kuonyesha ufanisi. Nikazipanga mezani vizuri, kwa mistari, jina na kitabu vikisomeka bila taabu. Nikapiga picha, nikaituma kundini: "Ndugu wasomaji, tunaomba mrejeshe." Nikaongeza na vikatuni vya maua.

Kwa hiyo watu sitini na wanne wakajua kwamba mwalimu mkuu wa shule ya jirani ameazima hesabu za darasa la tano. Wakajua kwamba muuza nyama, mtu mwenye mikono kama mapanga, anasoma mashairi ya mapenzi, na hii ni mara yake ya nne. Na wakajua kwamba fundi cherehani wa mtaa wa nyuma ana kitabu kinachofundisha namna ya kuishi na mama mkwe mkorofi.

Mama mkwe wake alikuwemo kundini. Nilimwingiza mimi.

Yule mama hakuandika. Alituma ujumbe wa sauti, taratibu, bila hasira. "Asanteni sana maktaba kwa taarifa. Mwambieni huyo mke wa mwanangu akimaliza anipe na mimi, nijue nimekosea ukurasa wa ngapi."

Baada ya hapo simu ikawa inaandika jambo moja tu: fulani ameondoka, fulani ameondoka. Hadi saa nane mchana tulikuwa tumebaki kumi na tisa, na nadhani hao hawakujua namna ya kutoka.

Mzee Pua aliporudi nilimpa simu asome mwenyewe. Nilitarajia anigombeze. Alikaa. Aliisoma picha yote, kadi baada ya kadi, kana kwamba hakuziandika yeye.

"Msomi," akasema hatimaye, kwa kuwa ndivyo alivyoniita, na siku hiyo liliniuma. "Unadhani nanusa vitabu kwa sababu ya unyevu? Najua nani anasomea jikoni kwa kujificha. Najua nani anasoma akilia. Hata mke wangu sijawahi kumwambia. Hawa watu hawaji kufuata vitabu peke yake. Wanakuja kwa kuwa hapa hawaulizwi."

"Nitaomba radhi kundini, Mzee."

"Kundini tena? Vaa viatu."

Tukaenda kwa miguu hadi kwa fundi cherehani. Alikuwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kabla ya kusema, na kila pini niliihesabu kama dhambi yangu.

"Dada," akaniambia, "umenivua nguo mbele ya mtaa, sasa umekuja kunipima nyingine?"

Mzee Pua akasema, "Mkosaji ni mimi, mama. Sanduku lile lilikuwa mikononi mwangu nikaliacha wazi."

"Usimbebee mzigo wake, Mzee. Ana mgongo."

"Anao," akakiri. "Ndiyo maana nimekuja naye."

Yule fundi akatutazama, akageukia cherehani yake. "Kitabu sijamaliza. Nimebakiza sura mbili, na sasa ndiyo nazihitaji kwelikweli."

"Kaa nacho," akasema Mzee Pua. "Hakuna atakayekuuliza."

Njiani kurudi aliniuliza kama simu yangu inaweza kumpelekea mtu mmoja ujumbe bila wengine kuona. Nikasema inaweza.

"Na ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Basi chuo kilifundisha," akasema. "Tatizo ni kwamba hukuwepo."

Kesho yake tukalivunja kundi. Alikaa kando yangu akinitajia maneno, nami nikimwandikia kila msomaji peke yake. Aliandikisha kama barua: natumaini hujambo, na watoto hawajambo, na ule mguu umepona. Nilimwambia watu wa mtandaoni hawasomi maneno marefu hivyo. Walisoma. Walijibu marefu vilevile. Mwishoni alikuwa akiongeza: ukihitaji kitabu, kiandike hapa, utakikuta kimefungwa kwa gazeti, na jina lako halipo juu.

Wa kwanza kurudi alikuwa muuza nyama. Alichukua kifurushi chake akakitia chini ya aproni, akaniangalia kama mtu anayeangalia mfupa usio na nyama, akaondoka. Mwalimu mkuu alianza kuagiza vitabu viwili viwili. Wanawake ambao hawakuwahi kukanyaga maktaba, kwa kuwa nyumbani wangeulizwa walikuwa wapi, waliagiza kwa ujumbe wakapita kuchukua vifurushi wakitoka sokoni. Kufika mwezi wa kumi na moja tulikuwa na wasomaji mia moja na ishirini na tatu. Mimi, mtaalamu wa mitandao, kazi yangu ilikuwa kufunga vitabu kwa gazeti.

Ila hakuna aliyekaa ukumbini. Mkaguzi wa halmashauri alipokuja alikuta viti arobaini na Mzee Pua akinusa kitabu.

"Wasomaji wako wapi?"

"Majumbani kwao," nikasema. "Wanaagiza kwa simu." Nikamwonyesha daftari la hesabu: tarehe, idadi, basi.

"Namba kila mtu anaweza kuandika. Nipe hiyo simu nione ujumbe wenyewe. Nani kaomba nini. Nikithibitisha, ukumbi unabaki wenu leo hii."

Simu ilikuwa mkononi mwangu. Lazima niseme ukweli: kidole kilishaigusa. Nilimtazama Mzee Pua anisaidie, naye akawa anatazama dirishani kana kwamba jambo lile halimhusu. Ukumbi ulikuwa wake zaidi kuliko wangu. Angeweza kuniambia toa. Angeweza kuniambia usitoe. Alininyima yote mawili.

"Siwezi, bwana mkaguzi," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya mtoto aliyekatazwa sukari. "Walituandikia sisi."

"Basi siwezi kuthibitisha."

"Naelewa."

Aliandika, akafunga kalamu yake. Alipotoka Mzee Pua akasema, "Leo ulikuwepo," na hiyo ndiyo sifa pekee aliyowahi kunipa.

Ukumbi ukaenda kwa ofisi ya leseni. Halmashauri ikatuachia chumba cha nyuma kilichokuwa cha mafagio na ndoo, rafu nne, "kwa majaribio", kwa kuwa wasomaji wasiohitaji viti hawagharimu viti. Bado niko humo. Wasomaji sasa wamepita mia tatu. Mzee Pua alistaafishwa kabla ya muda wake, akaenda nyumbani na mfuko mmoja wa plastiki, na kwa miezi kadhaa sikusikia kitu kutoka kwake. Nilidhani amenichoka. Watu wengi wana sababu.

Kisha akaniandikia kwa njia ile ile, natumaini hujambo na yote mengine, akaomba kitabu juu ya maradhi ya mapafu. Kifunge vizuri, akasema, mama watoto asijue. Nilikifunga kwa gazeti mara mbili, nikakipeleka mwenyewe, nikakiacha dirishani kwake. Sikubisha mlango na sikuuliza chochote. Mkewe ndiye aliyekirudisha baada ya mazishi ya mumewe. Alikuwa amejua siku nyingi, akamwacha afiche.

Siku mbili baada ya kukichukua pale dirishani, Mzee Pua alikuwa amenitumia ujumbe wa sauti. Nyuma yake redio ilikuwa inaunguruma, na alikohoa kwanza kwa muda mrefu.

"Msomi, kitabu nimekipata, ahsante. Lakini hiki kinatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Nitafutie cha kuchekesha. Na kiwe kinene, mwanangu, kiwe kinene sana."