Nilivyopumua Ukweni Kihesa, Wakasimama Wote

Jamani, hili jambo nilijiapia nitazikwa nalo. Lakini kwa kuwa kaka yangu Asajile ameshalimwaga Mbeya nzima, tena analisimulia kwa kuigiza, anafumba macho na kugeuza viganja juu mpaka watu wanajifuta machozi kwa kucheka, basi bora mlisikie kwangu mimi mwenye aibu yangu, angalau nipate nafasi ya kujitetea (si kwamba kuna utetezi wowote, lakini nitajaribu).

Mimi nina presha. Si ile ya kulazwa, ni ile ya kuambiwa na daktari "mama, punguza chumvi, tembea, na usikasirike," (sasa hao wateja wangu wa vitenge sokoni Mwanjelwa wanaoshusha mzigo wote kwenye rafu halafu wanasema "nitarudi," amewaambia nao wasinikasirishe?). Binti yangu Tumaini, sisi tunamwita Tuma, ni nesi Dodoma, aliposikia hivyo akanitumia saa. Zile saa za siku hizi, kioo cheusi kitupu kama simu iliyodumaa, unaivaa mkononi inahesabu hatua zako, inasikiliza mapigo ya moyo, na moyo ukianza kwenda mbio inakutetemekea hapo kwenye mkono, grrr, kama kuna nyuki ndani. Na si hivyo tu, inampelekea na yeye habari kwenye simu yake, yaani mtoto yupo Dodoma lakini anajua mama yake leo kalala mchana.

Pamoja na saa akanipa na zoezi la kupumua. Kila asubuhi, kabla sijasema neno na mtu, nakaa wima ukingoni mwa kitanda, viganja vinaangalia juu kwenye magoti, nafumba macho, navuta pumzi kwa pua mpaka tumbo linajaa, naiachia polepole kwa mdomo kama mtu anayepooza chai. Dakika chache tu. Mwanzoni nilijicheka, lakini jamani lilinikaa. Nikajikuta mteja anasema "nitarudi" na mimi namtabasamia kabisa, mpaka mwenzangu wa kibanda cha pili akauliza kama nimepata mchumba.

Sasa tuje kwa Ambakisye. Huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wetu, tumemlea mimi na kaka Asajile, na akaja kupata mchumba Iringa, Vaileth, mwalimu, binti ambaye akikusalimia unajisikia umeheshimiwa mwezi mzima. Barua ya posa ikaenda, ikajibiwa, tukapangiwa siku ya kwenda kuongea. Ila Ambakisye alituonya, uso wake umesinyaa kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

"Shangazi, yule mzee hana mchezo. Waliokuja kumposa dada yake Vaileth, msemaji wao alipokea simu katikati ya mazungumzo. Mzee hakugomba. Alisimama, akawafungulia mlango, akawatakia safari njema."

"Na wakaondoka?"

"Wakaondoka. Dada yake hajaolewa mpaka leo."

Mimi sikuogopa sana, kwa sababu msemaji alikuwa kaka. Kaka ana sauti ya kuhutubia na mafumbo ya posa anayajua yote, kazi yangu ilikuwa kukaa pembeni na kitenge kizuri na kuitikia. Ambakisye tukamwacha nyumbani, tukaondoka Mbeya asubuhi, kufika Makambako kaka akashuka bila koti kununua mahindi ya kuchoma. Ninyi mnaujua upepo wa Makambako. Kufika Mafinga sauti inakwaruza, kufika Ipogolo, tunauona mji wa Iringa kabisa juu pale, kaka amebaki na hewa tu, anafungua mdomo hakitoki kitu.

"Mama Tuma," akaninong'oneza, "utaongea wewe."

Mimi! Mimi ambaye hata kanisani ni mtu wa kwaya, tena sauti ya pili, ya kujificha nyuma ya wenzangu!

Tukafika Kihesa, mtaa wa kwao hapo Iringa, tukapokelewa vizuri kwa salamu ya Kihehe. "Kamwene!" "Kamwene!" Sebule safi, makochi yana vitambaa vya kufuma, na pembeni kwenye kiti chake alikuwa bibi yake Vaileth, mzee kabisa, miguu amefunikwa blanketi, anasinzia. Baba Vaileth mrefu, mzee wa kanisa, suti ya kijivu, akatupa mkono akasema "karibuni," halafu hakuongeza neno. Akatoka na mkewe kwenda uani kuwaita ndugu waliokuwa wanasubiri. Simu tulikuwa tumeshazinyamazisha, yangu ipo ndani ya mkoba.

Hapo ndipo saa ikaanza. Grrr. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka nausikia masikioni. Nikaangalia mlango, hakuna mtu, bibi amelala, kaka anahangaika na koo lake, nikasema moyoni, ngoja nipumue kidogo kabla hawajaingia. Kidogo tu. (Huo ndio uamuzi mdogo ulionimaliza.)

Nikakaa wima, viganja juu, macho nikafumba. Nikavuta, nikaachia. Nikavuta, nikaachia. Jamani, lile zoezi likikukolea unaondoka kabisa, Kihesa ikapotea, nikawa kama nipo kwenye mashua ya pamba, sikusikia mlango wala viatu. Nilipotosheka nikafumbua macho taratibu.

Sebule nzima imesimama. Baba Vaileth, mkewe, wajomba, mashangazi, wote vichwa wameinamisha, mikono wameikunja, wengine wamevua kofia. Kaka yangu naye kasimama! Hata bibi kwenye kiti ameinama.

Nikamwangalia kaka aniokoe. Kaka akakusanya hewa yote aliyobakiza akasema, "Amina."

"Amina!" sebule ikajibu.

Baba Vaileth akainua uso, na macho yake yalikuwa yamelainika. "Mama," akasema, "nyumba hii imepokea wageni wengi. Wote wanaanza na maneno yao. Wewe umeanza na Mungu. Tena bila kelele."

"Mzee, kwa kweli mimi nilikuwa tu..."

"Usijieleze, mama. Mtu wa maombi hajielezi."

Mngekuwa ninyi mngefanyaje? Nikafunga mdomo. Na sitawaficha, mazungumzo yalienda kama maji, kila nikisema neno, hata lile nililolikosea, wajomba wanatikisa kichwa kwa heshima. Nikasema "tumeona ua kwenye bustani yenu," nikasahau linalofuata, nikanyamaza, na wao wakanyamaza na mimi wakidhani nasubiri kufunuliwa. Mambo ya mahari yakagusiwa kwa upole. Nikaanza kuona tunashinda.

Ndipo bibi akaamka sawasawa.

"Mwanangu," akaniita, "mimi miguu yangu inawaka. Njoo uniwekee mikono."

Nikamwangalia kaka. Kaka akaangalia dari.

Nikasogea, nikapiga magoti pale kwenye kiti, nikaweka mikono miwili juu ya kile kichwa chepesi chenye mvi, na nikaanza kumwomba Mungu kwelikweli, ila nilichokuwa namwomba ni anitoe pale. Watu wakasimama tena. Moyo ukaanza kunikimbia. Na mnajua moyo ukikimbia nini kinafuata.

Grrrrr. Juu ya kichwa cha bibi.

"Yesu!" bibi akapiga kelele. "Imeingia! Naisikia inatetemeka!" Blanketi likaanguka, bibi akasimama wima, kiti kikarudi nyuma. Mama mmoja akaanzisha pambio, wakapokea, waliokuwa jikoni wakakimbilia ndani, mmoja ana mwiko wa ugali mkononi, wanapiga makofi, bibi anatikisa mabega katikati. (Baadaye mama Vaileth aliniambia bibi anasimamaga kila siku, hasa akisikia harufu ya chapati, lakini wakati ule nani angekumbuka.) Na kadiri wanavyoimba ndivyo moyo wangu unavyokimbia, na kadiri unavyokimbia ndivyo saa inavyotetemeka, mjomba mmoja ameshajipanga mbele yangu anakunja suruali anionyeshe goti.

Nikasema imetosha, nizime hiki kidude. Nikapeleka mkono chini ya kitenge, nikapapasa kioo bila kuangalia, nikabonyeza. Bahati yangu mbaya, ule mtetemo wa mwisho haukuwa wa mapigo. Ilikuwa simu inaingia. Na saa ile, kumbe, ina spika.

Pambio lilikuwa limefika mwisho, watu wanavuta pumzi, na katikati ya kile kimya sauti ikatoka kwenye mkono wangu, kubwa, wazi:

"Mama! Unakimbizwa na nani? Mapigo yako yamepanda sana! Na leo asubuhi hukupumua, nimeona hapa! Kaa chini, fumba macho, viganja juu, vuta pumzi kama kila siku!"

Mwiko umebaki hewani.

Bibi akageuza kichwa taratibu. "Huyu malaika," akauliza, "mbona anaongea kama mtu wa Mbeya?"

Basi nikasema yote. Nikiwa bado nimepiga magoti, nikaeleza presha, saa, zoezi, viganja, nikasema mzee wangu, sikuwa naomba, nilikuwa napumua tu kwa sababu naogopa, huyu kijana tumemlea baba yake hayupo, sikutaka niwe mimi wa kumharibia. Tuma naye huko kwenye mkono akawa anasikiliza, ameshaelewa yupo wapi.

Baba Vaileth akanyoosha koti la suti yake. Akatembea mpaka mlangoni, akaufungua.

Moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye kapeti. Kaka akaokota kofia yake. Nikamwona Ambakisye kule Mbeya amekaa na simu mkononi anasubiri, na nikajua sura nitakayoikuta. Lakini mzee hakutuonyesha njia. Alitoka yeye, akaufunga mlango nyuma yake.

Tukakaa. Hakuna anayemwangalia mwenzake. Mwishowe mama Vaileth akasogeza pazia la dirisha, akachungulia, akaweka kiganja mdomoni.

"Anacheka," akasema. "Kashikilia mparachichi, anacheka."

Mzee akarudi anajifuta uso kwa kitambaa, anajaribu kuurudisha uzee wa kanisa na hauji. Akaja mpaka mbele yangu, akaninyanyua kwa mkono.

"Shangazi," akasema (kumbukeni, mpaka hapo nilikuwa "mama" tu), "wewe unafikiri ni wewe peke yako unayeogopa humu ndani? Mimi tangu alfajiri sijameza kitu. Mtoto wangu huyu nilikuwa nambeba mabegani kwenda shambani Kalenga. Hebu nivalishe hiyo saa."

Nikamvalisha. Tukasubiri. Grrrrr! Ilitetemeka kuliko ilivyonitetemekea mimi, na hapo ndugu zangu ile nyumba ililipuka, wajomba wakapigana mabega, bibi akakaa chini kwa kucheka, kaka anacheka bila sauti kama mtu kwenye televisheni iliyozimwa mlio.

"Nesi bado yupo?" mzee akauliza, anausemesha mkono wake.

"Shikamoo baba, nipo," Tuma akajibu, sauti ndogo mno.

"Marahaba. Haya, tufundishe."

Na mimi nimeyaona haya kwa macho yangu: ukoo mzima wa Kihesa umekaa kwenye makochi na mikeka, viganja juu, macho wamefumba, binti yangu anawaongoza kutoka Dodoma kupitia mkono wa mzee wa kanisa, "vutaaa, achiaaa," na Vaileth, ambaye kwa utaratibu alipaswa kuwa amejificha chumbani, amesimama kwenye kona ya mlango anaangalia baba yake anavyopumua, anacheka na machozi yanamtoka.

Walikubali. Ila mzee alitutoza faini, kwa kosa la kusimamisha watu bure na kosa la kupokea simu kwenye mazungumzo: tumletee bibi saa kama ile. "Iwe na malaika ndani," bibi akasisitiza. Tulipompigia Ambakisye kaka hakuwa na sauti, mimi nilikuwa nacheka siwezi kuongea, na maskini yule kijana alikuwa anapiga kelele peke yake kwenye simu, "Wamesemaje? Shangazi, wamesemaje?"

Basi mimi nikajiwekea sheria, kwamba nisifumbe tena macho mbele za watu bila kutangaza. Na juzi nikaishika. Nilikuwa kituo cha afya kwenye foleni ya kupima presha, moyo ukaanza, nikasema kwa sauti ili pasiwe na utata, "Jamani, mimi napumua tu, msihangaike." Nikafumba macho, nikavuta, nikaachia.

"Hee," nikasikia mama mmoja, "huyu anapumua kwa shida! Mpisheni! Mpisheni mgonjwa!"

Nikanyanyuliwa makwapani, foleni nzima ikagawanyika, nikapitishwa mbele ya watu waliofika tangu alfajiri nikafikishwa kwa nesi, na huku nyuma nasikia mtu ananisikitikia, "na alivyokuwa mzuri na kitenge chake."

Nimeapa upya. Kuanzia sasa nitapumulia nyumbani kwangu, mlango nimeufunga kwa komeo.