Kibuyu cha Asali Kilichotiwa Maji

Sogea karibu kidogo, msomaji wangu, nikuhadithie habari ya harufu. Juzi mjukuu wangu alitia maji katika asali iliyobaki chini ya chupa ili itoke kwa urahisi, kisha akaisahau dirishani penye jua. Leo asubuhi nilipofungua kifuniko, chupa ilinipumulia usoni. Ilikuwa harufu tamu na chachu kwa pamoja, kama tunda lililoanguka na kulala juani. Nikakaa kitini na chupa mkononi, na jiko langu lote likanipotea. Nilikuwa tena na miaka tisa, peku, katika njia ya mchanga kusini ya Sikonge, na majani machanga ya miombo yalikuwa mekundu juu ya kichwa changu.

Ilikuwa miaka michache baada ya ile vita kuu ya pili, Waingereza wakitawala bado. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa kijiji chetu. Kanisa lilikuwa la udongo na nyasi, na mabenchi yake yalikuwa matuta ya matofali mabichi yaliyotuachia vumbi jekundu kwenye nguo. Babu, baba yake Baba, alikaa mwendo wa nusu asubuhi kutoka kwetu, karibu na mizinga yake ya magome aliyoitundika mitini. Katika ujana wake alikuwa mpagazi. Alikuwa amebeba pembe za ndovu na nguo kwenye ile njia ya zamani kutoka Tabora mpaka pwani na kurudi, na bega lake la kulia lilikuwa na kinundu kigumu ambacho sisi watoto tuliruhusiwa kukigusa.

Kila mwaka, kabla ya sikukuu ya mavuno, Babu alitoa kibuyu kimoja cha asali ya kwanza kipelekwe kanisani. Mwaka ule nilitumwa mimi kukichukua, pamoja na rafiki yangu Neema.

"Mwangaluka, Babu," nilimwamkia kwa Kinyamwezi, nikapiga goti.

"Mwangaluka, mke wangu," alijibu, kwa maana babu wa kwetu humtania mjukuu wake hivyo. "Umekuja kunipikia au kunimalizia asali?"

Alitupa sega zima, tukalamba mpaka vidole vikawa vyeupe. Kisha akakiziba kibuyu kwa gunzi la muhindi, akayeyusha nta na kuizungushia mdomoni polepole, kama mtu anayefunga kidonda.

"Unaiona nta hii?" aliniuliza. "Sisi wapagazi tulipokea mzigo umefungwa, tukaufikisha umefungwa. Kilichomo hakikuwa chetu. Anayetaka kuonja aonje hapa. Njiani hakuna kuonja."

"Ndiyo, Babu," nilisema, na nilikuwa nasema kweli.

Sasa nikueleze kuhusu Neema, maana bila yeye hutaelewa. Baba yake, Tobia, alikuwa dereva wa lori la mfanyabiashara mmoja wa Tabora. Alizunguka vijijini akikusanya nta na asali. Lakini asali hiyo ilipita mbele ya mlango wa nyumbani kwake bila kusimama. Tobia alikuwa ameanza maisha mengine Isevya, mtaa wa Tabora, na mwanamke mwingine, na mama yake Neema, Rahel, alibaki kijijini na watoto wawili na jembe moja. Njiani kurudi, tulipofika kwenye dimbwi la mtoni, Neema aliuweka mkono wake juu ya kibuyu.

"Kidogo tu," alisema. "Nimpelekee mama kwenye jani."

Nilibandua nta kwa ukucha. Jani la Rahel lilijaa, tukalikunja vizuri. Kisha nikalamba mimi, akalamba yeye, nikalamba tena, na nyuki wadogo wasiouma wakatuzunguka machoni. Tulipoamka kutoka katika utamu ule, kibuyu kilikuwa chepesi. Niliogopa. Nilipiga magoti pale dimbwini, nikachota maji kwa kiganja na kuyatia ndani mpaka uzito ukarudi. Nilitikisa, nikarudisha gunzi, nikaikanda nta kwa joto la vidole. Kwa macho, kilikuwa kibuyu kile kile. Mama alikipokea, akakiweka juu ya rafu karibu na mafiga, mahali penye joto. Kikakaa pale siku nane.

Kwa wiki kadhaa kabla ya hapo, jambo jingine lilikuwa linaendelea kanisani kwetu.

Tobia alikuwa amenunua santuri. Sisi hatukuwa tumewahi kuona kitu kama kile: sanduku lenye mkono wa kuzungusha, sahani nyeusi inayong'aa, sindano, na ndani yake watu wanaopiga magitaa bila kuonekana. Kila Jumamosi alikuja na lori, na Jumapili akaileta santuri kanisani. Alisema anataka kumsaidia Mwinjilisti. Vijana waliokuwa hawajui hata mlango wa kanisa uko upande gani walijaa mpaka madirishani. Ninaikumbuka miguu yao ikigonga sakafu, na vumbi likipanda katika miale ya jua kama unga wa dhahabu. Na mimi niliipenda, sikufichi.

Baba naye alifurahi. Kwa miaka alikuwa amehubiria watu kumi na kidogo. Sasa alihesabu vichwa mpaka akachoka. Mahubiri yake yakaanza kubadilika, kidogo kidogo, hata mimi mtoto nikaona kwamba yamekuwa mafupi. Zamani yalikuwa kama mzegazega, ule mti wa begani wenye mzigo huku na huku. Upande mmoja alituambia Mungu anatupenda hata tukiwa tumepotea. Upande wa pili alituambia kuhusu msalaba, na kwamba mtu aliyepotea anaitwa ageuke, aiache njia aliyoishika. Tangu santuri ije, tulisikia upande mmoja tu. Mungu anawapenda, simameni tucheze.

Mama alikuwa akimenya karanga jioni moja ya Jumapili, Baba akiwa ameketi karibu naye.

"Baba Eliza," alisema, akimwita kwa jina langu bila kuinua macho, "Rahel hukaa benchi la mbele. Mume wake hukaa mbele yake na santuri. Leo umemwambia nini Rahel?"

"Nimewaambia wote Mungu anawapenda. Ni uongo?"

"Si uongo. Ni nusu."

"Nikisema ile nusu nyingine, Tobia ataondoka na santuri yake, na vijana wote nyuma yake. Unataka nirudi kuhubiria vikongwe?"

Mama aliendelea kumenya. Nilizisikia karanga zikianguka bakulini moja moja.

Siku ya sikukuu ilifika. Watu walileta mtama, mihogo, maboga, jogoo aliyefungwa miguu, wakaviweka mbele ya meza ya Baba. Kibuyu cha Babu kiliwekwa katikati, kwa heshima. Babu mwenyewe alikuja, akaketi karibu na ukuta amevaa kanzu yake nyeupe. Jua liliingia mlangoni na kukiangukia kibuyu. Tobia alizungusha mkono wa santuri, magitaa yakalia, vijana wakapiga makofi, na Baba akasimama akitabasamu kuanza mahubiri.

Kwanza nilisikia mlio mdogo, kama nyoka aliye mbali. Nilidhani ni sindano. Kisha nta ikapasuka, gunzi likaruka likampiga jogoo, jogoo akapiga kelele, na povu jeupe likapanda kutoka mdomo wa kibuyu na kumwagika juu ya maboga. Harufu ikajaa kanisa lote. Hakuna mtu mzima pale ambaye hakuijua. Ilikuwa harufu ya wanzuki, pombe ya asali, ambayo Baba alikuwa ameikataza kwa miaka yote.

Kisha Tobia akacheka mpaka akajishika mbavu.

"Mwinjilisti! Kumbe unatupikia wanzuki! Ungesema mapema tuje na vikombe!"

Kanisa zima liliangua kicheko. Baba alisimama na Biblia mkononi, uso umemwiva kwa aibu. Babu aliinuka polepole, akaja mbele, akachovya kidole kwenye povu na kuonja. Alifumba macho kama anayesikiliza mtu wa mbali.

"Asali ni yangu," alisema. "Maji si yangu."

Hakumtazama mtu. Nafikiri kama angenitazama, ningenyamaza. Miguu yangu ilisimama yenyewe.

"Ni mimi, Babu. Nilifungua njiani. Nikatia maji."

Neema, mwenzangu, alianza kulia kimya kimya kando ya mama yake.

"Kwa nini maji, mke wangu?" aliniuliza kwa upole. "Ungekileta na upungufu wake, ningekukaripia, basi."

"Nilitaka kionekane kimejaa."

Baba alinigeukia. Nilingoja kofi la maneno. Lakini hakuwa ananiona mimi. Alikuwa anayaangalia mabenchi yale yaliyojaa, madirisha yaliyojaa, kichwa kwa kichwa. Midomo yake ilirudia maneno yangu bila sauti. Kisha akaifunga Biblia na kuizunguka meza, akaenda kusimama mbele ya Rahel.

"Mama Neema," alisema, "nisamehe. Na mimi nimetia maji. Nimekuona umekaa hapa kila Jumapili, nikakufunika kwa muziki. Injili nilipewa ikiwa nzima. Sikupewa niipunguze ukali ili watu wajae."

Rahel aliushika mkono wa Neema.

Baba akamgeukia Tobia, na sauti yake haikuwa na hasira hata kidogo. "Ndugu yangu, nimekuambia Mungu anakupenda. Ni kweli, na leo nasema tena. Lakini nilikuficha kwamba anakuita ugeuke. Mtu anayeitwa ni mtu ambaye bado ana mahali pa kurudi. Kunyamaza kwangu kulikuwa kama kukuambia huna."

Tobia alikuwa ameacha kucheka. Aliinua mkono wa sindano, akafunga kifuniko cha santuri taratibu sana, kana kwamba kuna mtoto amelala ndani.

"Sawa, Mwinjilisti," alisema. "Baki na vikongwe vyako."

Tulilisikia lori likiunguruma, kisha likipungua, kisha miombo ikalimeza. Vijana walitoka mmoja mmoja. Waliobaki hawakuzidi idadi ya zamani. Babu alimwaga kile kibuyu nyuma ya kanisa, na kuku wa mzee wa kanisa waliokunywa pale walitembea upande upande mpaka jioni. Sisi tuliobaki tuliimba bila chombo chochote, sauti nyembamba zilizopanda na kutokea kwenye nyasi za paa. Nakumbuka niliona aibu kwa uchache wetu. Nilidhani tumeshindwa, na kwamba mimi ndiye niliyesababisha.

Masika mawili yalipita. Asubuhi moja Tobia alikuja kijijini kwa baiskeli, bila lori wala santuri, akasimama nje ya ua wa Rahel. Alisimama mpaka jua likafika utosini. Rahel alimwacha asimame. Hatimaye alimtuma Neema ampelekee maji, na hayo yalikuwa mwanzo tu. Ilichukua muda mrefu kabla hajamkaribisha kuketi, na ilikuwa haki yake. Nilikuwa msichana mkubwa nilipomsikia Tobia akimwambia Baba, wakitengeneza pamoja paa la kanisa: "Wote walikuwa wananipigia makofi. Wewe peke yako ndiye uliyeacha."

Usije ukadhani Baba aliichukia santuri. Baadaye sana alinunua ya kwake, akasikiliza muziki kila alasiri akiwa ameegemea ukuta. Wajukuu zangu leo wana vinanda vya umeme na vipaza sauti kanisani kwao, na nikienda huwa napiga makofi nao. Ninachosikiliza katikati ya kelele ile nzuri ni kama upande wa pili wa mzegazega bado upo begani.

Utotoni niliamini kosa langu lilikuwa ulafi. Nilikuwa nimezeeka nilipoelewa kwamba ulafi Babu angeusamehe pale pale. Jambo baya zaidi lilitendeka nilipopiga magoti dimbwini, na nililitenda kwa hofu na kwa nia njema pamoja, nikitaka kila mtu afurahi akikiona kibuyu. Baba naye hakuacha kumpenda Mungu hata siku moja. Alipenda tu kuona kanisa limejaa.

Nimeiosha chupa ya mjukuu wangu sasa hivi. Nitamwonyesha jinsi ya kuyeyusha asali nzito: unaiweka chupa ndani ya maji ya moto, na maji yanabaki nje. Wewe nawe, ukipewa kitu ukifikishe, kifikishe kama ulivyokipokea. Na kama umeshatia maji, inuka ukaseme leo, kabla nta haijapasuka.