Ugonjwa Haukaguliki

Shoga yangu alikuwa Mtaita, mimi mtu wa Mombasa, na Guangzhou, Uchina, tulipanga nyumba moja huku mtaa wa Xiaobei. Yeye alinunua mikoba soko la Shiling, mimi nguo soko la Shahe, na jioni tulisonga sima tukiwasengenya malaoban, wale wenye maduka, waliotukatalia bei. Alikuwa mkali, jamani! Umwachie sufuria haijaoshwa, utasikia. Nyumbani alikuwa amemwacha binti mmoja wa darasa la tatu kwa bibi yake, na kila siku mtoto akitoka shule, simu ni yake, hata chakula kipoe.

Baada ya yale ya korona, wengi wetu tulipofukuzwa majumbani tukajikuta nje na mabegi, tuliapa hatutashikwa tena bila mpango. Chama chetu cha Wakenya kikaunda kamati ya usalama ya jimbo zima, kuanzia hapa hadi Foshan na Shenzhen, na juu yake baraza la washauri saba wa kuulinda mfuko wa dharura. Mtu akikamatwa, nyumba ikiungua, kimbunga kikipiga, mtu akifa, kila jambo lilikuwa na hatua zake, nani ampigie nani, nani aende wapi. Mimi niliingia kamati, shoga yangu akachaguliwa mkaguzi wa mfuko. Wallahi ule mpango ulikuwa mzuri, hata wanafunzi wanaosomea utawala walikuja kuomba nakala.

Mwanzoni ugonjwa ulikuwemo. Kisha bwana mmoja akaleta karatasi za hospitali, akapewa, na wiki ileile tukamkuta Shahe anafunga marobota, mzima kama chuma. Shoga yangu aliwaka. Alisimama mbele ya mkutano mkuu akasema, "Ugonjwa haukaguliki. Mtu akiniambia tumbo linamuuma, nimwingie humo nikaangalie? Kifo kinakaguliwa." Watu wakacheka, wakapiga makofi, ugonjwa ukafutwa. Nani kwetu angebisha? Kuchangia maiti tunajua. Maiti lazima irudi kwao, na haisafiri peke yake, lazima apatikane wa kuisindikiza. Ni yule anayepumua ndiye tunayemuuliza maswali.

Maumivu yalipomwanza alisema ni vidonda vya tumbo, akanywa dawa za duka la pembeni na uji. Nilipomburuta hospitali, alikuwa ameshapungua hata pete haikai kidoleni. Kichina changu ni cha bei na mizigo, lakini yule daktari, mama mmoja mpole, alizungumza taratibu nikaelewa, na afadhali nisingeelewa. Ini lilikuwa limekwisha. Kama anataka kufika kwao aende sasa, amelazwa kwenye machela, na muuguzi pembeni na oksijeni. Akichelewa hakuna ndege itakayomkubali. Kwenye lifti aliniuliza kitu kimoja tu. "Shoga, nitamwona mwanangu?" Nikamwambia utamwona.

Safari ya namna ile si tiketi ya kawaida. Mali yake yote ilikuwa ndani ya kontena huko bandari ya Nansha, yangu nusu vilevile, na tulichobaki nacho mkononi hospitali ilikimeza. Palikuwa na mlango mmoja tu, ule mfuko. Nikaitisha baraza.

Tulikutana Jumapili mchana, juu ya mkahawa tunaokutania siku zote. Nilimwomba abaki nyumbani, akakataa. Alikaa kwenye kiti chake cha ukaguzi, amejifunika mtandio wangu, macho yamekuwa manjano. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Nikasema kuna mtoto anamngoja. Mwenyekiti, mzee mmoja mfanyabiashara wa viatu, alifuta miwani yake akasema, "Huyu ni binti yetu. Tumpe, tutajieleza baadaye."

Mshauri mmoja upande wa dirishani akanong'ona, lakini sote tulimsikia: "Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

"Rudia!" nikamwambia. Mungu anisamehe, nilikuwa nimeshashika kikombe, na si kwa kunywa.

Shoga yangu akainua mkono. "Mzee, hapana. Sheria haina ugonjwa. Itisheni mkutano mkuu muibadilishe, ndipo mnipe. Mkinipa leo kwa kuwa ni mimi, kesho kila mtu atakuja na rafiki yake."

"Mwanangu, mkutano mkuu ni notisi ya wiki mbili."

"Basi wiki mbili."

Nikazitazama zile nyuso. Walishusha pumzi, wote, hata mzee. Walikuwa wanaogopa kumpa na wanaogopa kumnyima, naye kawaondolea mzigo. Maneno ya yule wa dirishani nimeshayasahau nusu, lakini ile pumzi sijawasamehe.

Ndani ya teksi nilimgombeza kama mtoto. Nikamwambia wewe ni mjinga, unamlindia nani huo mfuko, nani atakuja kukusifu? Aliegemea kioo, akaniacha niseme mpaka nikaishiwa.

"Nina hamu naye mpaka mifupa inauma," akasema. "Lakini yule fundi simu wa Malindi mwaka juzi, si mimi niliyemnyima? Nikasema ugonjwa haukaguliki. Na alikuwa anaumwa kweli, tukajua alipokufa. Mama yake nitamtazamaje, nikishapewa mimi?"

Nikalia kwa sauti, dereva akanipa tishu bila kugeuka.

Nilizunguka na simu yangu nikiomba mmoja mmoja. Ah, pole nilizipata! Pole, pole sana, tuko pamoja kwa maombi. Wachache walitoa walichonacho, Mungu awalipe, lakini haikufika hata nusu. Wengine waliona nani anapiga wakaacha iite. Na siku zilikuwa zinakwenda. Akaacha kuketi, kisha akaacha kula. Kwa binti yake alijitahidi. Nilimwekea mito mgongoni, nikampaka poda, akaongea naye kwa video akijifanya kazi imemchosha. "Nitakuja," akamwambia. "Wewe soma, mimi nitakuja."

Alikufa asubuhi, mkutano mkuu haujafika.

Kabla ya adhuhuri mfuko ulikuwa wazi. Sijawahi kuona kazi ikifanyika vile. Huyu alikwenda kushughulikia vibali, yule jeneza, mwingine shirika la ndege, na washauri saba walitia sahihi bila hata mmoja kuuliza swali. Wale ambao simu yangu waliiacha iite walikuja na mashada marefu kuliko mimi. Gharama ilipita ile niliyoiomba akiwa hai. Niliiangalia mara mbili, maana niliona labda nimechanganyikiwa. Mzee mwenyekiti alilia machozi ya kweli, akanishika bega. "Angalau mpango umefanya kazi," akasema. Na ni kweli ulifanya kazi. Hakuna senti iliyopotea, na yeye mwenyewe angeukagua angeridhika, na hilo ndilo linaloniua. Ajenda ya kurudisha ugonjwa iliondolewa kwenye mkutano mkuu. Walisema mhusika hayupo tena.

Msindikizaji nilichaguliwa mimi. Tiketi ya msindikizaji imo ndani ya mpango. Nilikaa kwenye kiti changu, nikaletewa wali na kuku, na yeye yuko chini na mizigo.

Tulimzika kwao, juu milimani, kwenye baridi na ukungu. Baada ya maombi mama yake alinishika mkono, akanisimamisha mbele ya watu wote. "Hili baraza lenu unipelekee shukrani," akasema. "Wangapi watoto wao wanazikwa ugenini? Mimi wangu nimeletewa." Watu wakasema amina. Nilitamani ardhi inimeze, mimi na baraza lote.

Binti alinikuta nyuma ya jiko nilikokwenda kujificha. Alikuwa amevaa sare za shule, kwa sababu ndizo nguo zake nzuri.

"Anti, mama alisema atakuja. Alikosa nafasi kwenye ndege?"

"Ndiyo," nikamwambia. "Ilikuwa imejaa."

"Halafu alipokufa mkapata."

"Alipokufa tukapata," nikasema.