Chungu cha Marehemu Cornelis

Jepkosgei alikuwa na kiu ya mursik, maziwa ya kwao ya kugandishwa kibuyuni, kiu ile inayomfanya mtu mzima, mcha Mungu, amchukie jirani kwa kunywa soda yake kwa raha. Huko Lanham, Marekani, mwaka wa 1998, maziwa yalikuwa tele. Kijiti cha kuchoma apate mkaa wa kusugulia ndani ya chombo alikuwa nacho. Binamu yake Chebet alikitoa kwao Eldoret ndani ya soksi. Kibuyu tu ndicho kilichokosekana.

Kazi yake ilikuwa kumtunza Bi Aleida, mjane wa Kiholanzi ambaye mumewe, marehemu Cornelis, alikuwa mfinyanzi huko Delft miaka ya hamsini. Sebule ilijaa vyombo. Jepkosgei alivipangusa kwa heshima, hasa vile vyeupe vyenye maua ya samawati. Kimoja kilimtia huruma: cha kahawia, shingo ndefu, kimeparuzwaparuzwa kana kwamba mfinyanzi aliitwa chakulani akakiacha hivyo hivyo. Akaamua hicho kilikataliwa. Akakisugua ndani kwa kaa la moto, akamimina maziwa, akaziba, akakirudisha rafuni yagande.

Siku ya tatu Bi Aleida akasema anakuja mnunuzi wa vyombo.

"Atachukua vya maua, Mama?"

"Vile? Ni vya watalii. Anataka kile cha kahawia. Hakuna kazi ya Cornelis inayokishinda."

Jepkosgei akarukia simu jikoni. "Chebet, nimekwisha! Watanifaya kazini leo, kabla hata ya lunch!"

"Si uyamwage hayo maziwa, haraka!"

Kengele ya mlango ikalia.

Mnunuzi, bwana mwenye tai ya kipepeo, hakungoja kukaa. Alikipakata chungu, akakiinua juu ya uso na kukipindua atafute alama ya mfinyanzi kwenye kitako. Kizibo kikafyatuka. Maziwa ya kijivu yakamteremkia toka kidevuni mpaka viatuni.

Jepkosgei alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaungama yote huku akilia: kibuyu, kaa, hamu ya kwao.

Bi Aleida alichungulia ndani ya chungu, akachovya kidole, akalamba. Kisha akacheka mpaka miwani ikamvuka.

"Cornelis alilalamika mpaka anakufa," alisema. "Watu walinunua vyungu vyake wakaviweka rafuni. Hakuna aliyevitia hata maji."

Mnunuzi, huku akijifuta, alisema kikioshwa vizuri bado atakichukua.

"Hakiuzwi," akajibu Bi Aleida, akimsogezea Jepkosgei kikombe. "Kinatumika."