Zamfira na Siri ya Fundi wa Vigingi

Zamfira Brătilă alianza kumwonea wivu mdogo wake Leontina siku mdogo huyo alipozaliwa, na sasa Zamfira ana miaka sabini na mmoja na hajapumzika. Wivu wa watu wengine huenda likizo. Wake ulikuwa wa kudumu, kama ajira ya serikali.

Kijiji chao kiko chini ya mlima wenye magofu ya ngome ya Bwana Vlad, yule mtawala wa kale aliyewatungika maadui zake wakiwa hai juu ya vigingi virefu vya mti, vikiwapenya mwilini, na marafiki pia walipomuudhi. Wageni humfuata kwa mabasi, na anayewasimulia ni Leontina. Shali nyekundu mabegani, glasi ya pombe ya matunda ya plamu mkononi, huwaambia kwamba Bwana Vlad alikunywa damu na usiku aligeuka popo. Wageni hushika vinywa, kisha humpiga picha. Hatua kumi kutoka hapo, Zamfira huuza jibini.

"Popo, eti," aliwahi kumwambia mteja. "Mtu aliyejenga makanisa."

"Sawa, bibi. Jibini hili la kondoo au la ng'ombe?"

Kilichomkaba Zamfira ni kwamba hadithi ya kweli alikuwa nayo yeye. Baba yao, mzee Gherasim, mchunga kondoo, kila kiangazi alimpeleka malishoni yeye peke yake, na huko juu akampa jambo ambalo ukoo wao haujawahi kulitoa nje. Babu yao wa kale ndiye aliyekuwa fundi wa vigingi vya Bwana Vlad. Ncha alizichonga butu kwa amri, ili mtu asife upesi. Siku moja mwanawe wa kwanza aliiba mkate, akatungikwa kwenye kigingi alichokichonga baba yake, na kesho yake fundi akaamka akaendelea na kazi. Mzee Gherasim hakuwahi kumaliza kulisimulia bila machozi. "Mpe mmoja tu," alimwambia, "atakayeweza kulibeba." Zamfira hakuolewa wala hakuzaa, na hakumpa mtu.

Mwaka huu kijiji kilisimamisha ubao kwenye njia ya ngome, na juu yake picha ya Leontina: Mtunza Hadithi za Mlima. Zamfira aliusoma mara mbili.

Ikaja Jumamosi ya Wafu. Siku hiyo kila nyumba humpelekea padri bakuli la ngano ya kuchemsha yenye sukari, pamoja na karatasi ya majina atakayoyasoma kanisani: walio hai upande mmoja, marehemu upande wa pili. Na kila mtu kule anajua, ingawa hakuna anayesema, kwamba aliye hai akisomwa kati ya wafu, hamalizi mwaka. Upande wa marehemu Zamfira aliandika Gherasim, akaandika Stanca, mama yao. Kisha akakandamiza kalamu akaandika Leontina.

Padri alisoma haraka kama anayewahi basi. "Gherasim, Stanca, Leontina..." Akainua macho. Kijijini kulikuwa na Leontina mmoja tu, naye alikuwa amesimama mbele yake na mshumaa.

Zamfira alitoka akaketi kwenye benchi la makaburini, akingoja kofi. Angelipenda hilo kofi.

"Umeniua, dada," Leontina alisema alipomfikia. "Haya, sogea nikae."

"Padri kasoma vibaya."

"Mwandiko wako naujua, kama kuku kapita." Akachota ngano kwenye bakuli la dada yake, akala. "Mimi nilikuandika kwa wafu mwaka aliokufa baba. Mara tatu. Ila wewe hufi."

"Wewe unionee wivu mimi? Wa nini, jibini?"

"Wa baba. Alikuchukua wewe, mimi nikaachwa kusonga ugali. Kila kiangazi najiuliza, anamwambia nini kule juu? Hao popo nimewaokota kwa wageni wenyewe. Sina kitu, dada. Niambie, alikuambia nini?"

Zamfira alisikia utamu hadi kwenye meno. Mdogo wake alikuwa na njaa, na chungu kilikuwa kwake. Akimpa, Jumatatu fundi wa vigingi atakuwa amevishwa shali nyekundu mbele ya wageni.

"Hakuniambia kitu," alisema.

"Hata kidogo?"

"Tulichunga kondoo, Leontina. Yeye alikuwa analala."

Mabega ya Leontina yalianza kutikisika. Zamfira akadhani analia, kumbe anacheka. "Miaka sitini nakuchukia bure," alisema. "Kumbe hakumpa yeyote kati yetu." Akambusu dada yake mashavu yote mawili, akarudi kanisani kuwaambia watu kwamba mzee Gherasim hakuwa na hadithi, wala hakumpenda mtoto mmoja kuliko mwingine.

Zamfira alibaki na bakuli. Kitu pekee alichokuwa nacho na mdogo wake hana, alikuwa amekikana kwa kinywa chake, na kuanzia siku hiyo hata angekisema, nani angemwamini? Kutoka ndani aliisikia sauti ya Leontina, nyepesi kama ya msichana. Akamwonea wivu kwa wepesi huo nao.